Maji ya Mwito

Nyumba za Wafanyakazi, Bwawani
4 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Nakuandikia pua imeziba, kwa hiyo ukiona wino umeloa usidhani nalia. Mafua ya huku hayana adabu. Ukiacha hayo sijambo, nakula, nalala, na soksi ulizonipa zimeshamaliza jozi moja ya viatu.

Hujambo wewe na miguu yako? Na Baba je? Nimepokea barua zako mbili, na zote hazina mstari wake chini. Alikuwa na kawaida ya kuongeza mstari mmoja, hata kama ni wa kunigombeza kwa makosa ya tahajia. Kama bado amenuna kwa sababu nimekuja kufanya kazi mbali, aandike hivyohivyo kwamba amenuna. Nitafurahi.

Uliniuliza kazi yenyewe ni nini, maana mtaani wanasema nimeajiriwa kuangalia samaki, na wanacheka. Waache wacheke, ni kweli. Nakaa kwenye chumba chenye giza chini ya ngazi ya samaki, mbele ya dirisha la kioo. Upande wa pili wa kioo ni maji, na samaki akipita nabofya kidude cha kuhesabia mkononi. Hawa ni samaki wa safari, tunawaita wasafiri. Wanatoka huko chini kwenu na kupanda mto kwenda kutaga. Ukuta wa bwawa ulipojengwa uliwakatia njia, ndiyo wakatengenezewa ngazi ya zege, vibwawa kimoja juu ya kingine, wanaruka mpaka wanafika juu.

Lakini samaki hajui kwamba kuna ngazi. Anachojua ni maji yanayokuja kwa nguvu usoni mwake, basi anayafuata. Kwa hiyo mdomoni mwa ngazi, upande wa kulia karibu na mitambo ya umeme, tunafungulia maji yatoke kwa kasi kuliko mahali pengine popote. Tunayaita maji ya mwito. Yakiita vizuri, samaki wanakuja wenyewe.

Mwaka huu wamechelewa. Nakaa mbele ya kioo kuanzia asubuhi, naangalia maji ya kijani na sura yangu mwenyewe. Wenzangu wananiambia nitulie, kila msimu una tabia yake. Natulia, ila silipendi dirisha lile likiwa tupu.

Msalimie Baba. Mwambie naomba mstari mmoja tu.

Mwanao wa dirishani

*

19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Kwa hiyo serikali yote na nguzo zake za umeme wamekutafuta wewe, mtoto uliyekuwa unakimbia ukiona chura, ukae kumtazama samaki anavyopita? Mimi nimetazama maji miaka yote na sijapewa hata mwavuli.

Miguu yangu ipo, inalalamika ikiona ngazi. Kazi ni nyingi. Zahanati ya kilimani wameniongezea shuka, na yule muuguzi mkuu anazikagua moja moja kama anatafuta mchumba. Bado nafulia mkono wa kushoto wa mto. Unapajua, umechezea pale: kile kisiwa kirefu kinaupasua mto tangu huko chini ya ukuta wenu hadi kwenye ua wetu, maji yote ya mitambo yanapita kulia, na kushoto panabaki vidimbwi na chemchemi ndogo ndogo. Ni maji yaliyotulia na meupe. Shuka nyeupe sizifui kwingine.

Huwa nacheka nikifikiria kwamba maji yanatoka kwako asubuhi na kunifikia chai haijapoa, lakini barua yako inazunguka mlima mzima ndani ya lori na kufika imechakaa.

Habari za mtaa ni zilezile. Yule karani wa posta, Redio Mbao, alitangaza kwamba zahanati wanagawa vyandarua bure. Watu walipanga foleni tangu alfajiri, na mimi nikiwemo, na tukarudi na jua la utosi. Nimeapa kwamba hata akiniambia nguo zangu zinaungua, nitakwenda kwanza kuzinusa.

Baba yako hajambo, anakusalimu sana. Mkono wake una shughuli siku hizi, ndiyo maana huoni mstari. Hajanuna. Barua yako amesomewa mara mbili na alitaka ya tatu, nikamwambia nina nguo majini.

Vaa sweta.

Shangazi yako, Dobi

*

6 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Sweta nimevaa. Mafua yameondoka na kumwachia mwenzangu, Fundi Mabuti, ambaye sasa anapiga chafya kila tunapotaka kuwasogelea samaki kimyakimya.

Kwa nini Baba amesomewa? Miwani yake imepotea? Mwambie nitamnunulia nyingine.

Wasafiri nimewapata. Siku nne kioo kilikuwa kitupu kabisa, basi tukashuka na Mabuti kutembea chini ya ukuta, tukawakuta wamejazana kwenye kona ya kushoto, pale zege linapokutana na mwamba. Walikuwa wengi sana. Wamesimama vichwa vimeelekea ukutani, hawasogei, kama watu wanaosubiri dirisha la malipo lifunguliwe. Na upande ule hakuna ngazi, hakuna mtambo, hakuna mlango wa maji. Nilitia mguu, nikautoa haraka. Maji ya pale ni baridi kuliko yote niliyoyagusa huku.

Yupo mmoja tulimtia kidude chini ya ngozi mwaka jana, akipita karibu na kisanduku chetu kinalia. Tumemwita Mkaidi. Tulimchukua kwenye ndoo, tukampeleka mdomoni mwa ngazi, tukamwachia. Kesho yake yuko kushoto. Tukamrudisha, akarudi. Mara ya tatu Mabuti alimsomea risala nzima kabla ya kumwachia, na jioni kisanduku kililia kushoto.

Wakiendelea kusimama pale watamaliza nguvu na mayai yatawaharibikia tumboni. Ndege nao wameshawaona, korongo wamejipanga kwenye mwamba wanakula bila haraka. Kwa hiyo nimetoa wazo: tuifunge kona yote kwa wavu wa chuma, wasiweze kuingia, watalazimika kutafuta njia ya kulia. Meneja amelipenda. Amesema likifanikiwa ataniombea ajira ya kudumu. Shangazi, sijawahi kuambiwa maneno hayo na mtu mwenye ofisi.

Mabuti aliniuliza wanafuata nini pale. Nikamwambia tuwaokoe kwanza, hayo tutayauliza msimu ukiisha.

Mwanao

*

21 Machi
Kilimani, Zahanati

Mwanangu,

Marahaba. Usishangae anwani, nitakueleza.

Kwanza nifurahie ajira yako. Nimemweleza kila mtu, hata wale wasiouliza. Baba yako aliposikia alitoa machozi, na wewe unajua kwamba hata kwenye msiba wa mama yako alijifanya ana vumbi jichoni.

Sasa nikuambie langu. Wiki iliyopita nilianika shuka za zahanati, na zilipokauka zilikuwa na rangi ya chai. Sio moja, zote. Muuguzi mkuu akanijia juu, akasema natumia sabuni ya kufulia magunia. Nikazirudia mbele ya macho yake, kwa sabuni yake mwenyewe. Zikatoka chai nzito zaidi. Mvua hakuna, anga limekauka hata mawingu ya kudanganya hayapo, lakini mkono wa kushoto umechafuka, tena umepanda. Jiwe langu la kufulia limezama. Nafulia nimesimama kwenye maji ya magoti, na ni baridi ya kuuma mifupa. Kulia mto uko vilevile, safi, haujaongezeka hata kidogo.

Nilimuuliza fundi bomba wa mtaani akasema labda kuna watu wanachimba mchanga huko juu. Labda. Lakini mimi moyo wangu haukutulia, nikiyaangalia maji yale nahisi vibaya na sijui kwa nini. Muuguzi mkuu, baada ya kunitukana, akawa mtu, akatupa stoo ya zahanati huku kilimani. Tumehamia juzi. Baba yako alibebwa na wapagazi wa machela wa zahanati, njia ni ya mawe. Usianze kuuliza.

Stoo ni finyu, ina kunguni, na baba yako hapapendi. Wewe ndiye uliye huko, kwa hiyo nijibu jambo moja tu. Ukuta wenu ni mzima? Ukiniambia ni mzima tunarudi nyumbani siku hiyohiyo. Ukisema sivyo, nitakaa na kunguni wangu.

Sitamsikiliza mtu mwingine.

Shangazi yako

*

24 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Leo nina habari, nimeshindwa kusubiri.

Wavu umefanikiwa. Tuliufunga siku tatu, nusura Mabuti akatike kidole kidogo, na siku ya nne nilikuwa kwenye kioo nikapiga miayo, mara akapita mmoja. Kisha wawili. Kisha nikawa nabofya mpaka dole gumba limevimba. Jana kisanduku kililia, nikainua macho, Mkaidi huyo anapita taratibu kama mtu aliyejua njia siku zote. Nililia, Shangazi. Mabuti alikuwepo, akajidai anatafuta bisibisi.

Ajira ya kudumu nimepewa. Meneja ameisaini mbele yangu.

Na wakaguzi kutoka makao makuu walikuja, wakatembea juu ya ukuta wote, wakagonga hapa na pale, wakasoma vipimo. Kimoja tu cha kona ya kushoto hakifanyi kazi, spea yake inasubiriwa. Wakala chakula cha mchana, wakatutangazia kwamba ukuta ni mzima. Nakwambia kwa sababu najua Redio Mbao hakosi la kusema tukijaza bwawa, na mwaka huu limejaa kuliko miaka yote. Usimsikilize yeye wala mtu yeyote. Ukuta ni mzima, nimesikia kwa masikio yangu. Laleni usingizi.

Mwambie Baba nimeajiriwa. Mwambie aandike mstari hata wa maneno mawili.

Mwanao mwajiriwa

*

7 Aprili

Shangazi,

Soma hii kabla ya kusalimia mtu.

Barua yako ya tarehe 21 nimeipata leo. Lori lilikatika ekseli mlimani likaziba barabara, magari ya kuja na ya kwenda yote yamelala huko wiki mbili. Ile yangu ya tarehe 24 nayo ilikuwa huko, huenda nawe umeipata sasa. Niliiandika kabla sijasoma yako. Sio jibu. Naomba uielewe hivyo, sio jibu lako.

Niliposoma habari za shuka nilikwenda nayo moja kwa moja kwa Mhandisi, msimamizi wa ukuta wetu. Aliisoma, akarudia pale pa rangi ya chai, akauliza, "Shangazi yako anafulia upande gani wa kisiwa?" Nikamjibu. Alichukua kofia akatoka, nikamfuata. Tulishuka hadi kona ya kushoto, tukakata wavu. Mimi tangu tuufunge sikuwa nimerudi pale, kwa kuwa samaki hawakuwepo tena.

Nyuma ya wavu maji yanatoka chini ya ukuta. Yanachemka kwenye mchanga kama uji jikoni, ya udongo, na kandokando yamejikusanyia kilima cha mchanga. Mhandisi aliuchota mkononi, akausugua, akaniambia kwamba mchanga ule sio wa mto, ni wa chini ya msingi. Maji yanaubeba kidogo kidogo. Mtu mzima yule, alipanda mawe mbio kurudi ofisini.

Sasa najua wasafiri walikuwa wanafuata nini. Kulikuwa na maji mengine yanawaita. Waliyasikia kabla yetu sote, wakasimama pale mwezi mzima wakitazama ukuta, na mimi nikaweka wavu ili wasiwepo. Nimepewa ajira kwa kazi hiyo. Roho inaniuma sijui nikueleze vipi.

Mhandisi amepiga simu makao makuu wapunguze maji ya bwawa. Wamemwambia asubiri kikao. Ameanza kufungua milango mwenyewe, bila ruhusa, lakini bwawa limejaa na kulishusha ni kazi ya siku nyingi. Alitaka niondoke na gari la mafuta. Nimekataa. Yeye yuko kwenye milango, Mabuti yuko kwenye mitambo, na lazima awepo mtu wa kuikalia kona ile na kupiga king'ora maji yakibadilika. Kuangalia maji ndiyo kazi ninayoijua.

Nimepata simu ya ofisi kwa muda mfupi, nikampigia karani wa posta. Ndiyo, huyohuyo. Laini ilikuwa inakatika lakini amenisikia, amesema anakuja kwako mbio. Shangazi, najua unavyomwona. Safari hii msikilize.

Bakini kilimani. Hata kunguni wakiwamaliza, bakini. Na uniambie kwa nini Baba alibebwa. Yeye hajawahi kukubali hata kushikwa mkono.

Mwanao

*

8 Aprili
Nyumbani

Mwanangu,

Marahaba, na hongera ya ajira, na Mungu akubariki kwa jibu lako. Limefika juzi kwenye lori lililokuwa limekwama. Nilitazama tarehe, nikaona umeandika siku tatu tu baada ya mimi kuandika, nikasema kumbe lori likitaka mbio linaziweza, ni kurudi tu ndiko kulikolishinda. Nimelisoma mlangoni mwa stoo, nikafika pale uliposema ukuta ni mzima, laleni usingizi, nikakunja godoro palepale.

Tumerudi jana. Wapagazi wamemshusha baba yako taratibu. Muuguzi mkuu alitaka tubaki, nikamwambia mwanangu ndiye anayelala na huo ukuta, na ameandika kwa mkono wake.

Na sasa mambo yametulia, nikuambie nililokuficha. Baba yako alipooza upande wa kulia tangu mwanzo wa mwaka. Mkono haushiki kalamu, mguu haukanyagi, na maneno yanamtoka kwa shida, mawili, matatu. Kabla ulimi haujamlemea aliniapisha nisikwambie, alijua utaacha kazi urudi. Ndiyo maana hukuona mstari. Hakununa hata siku moja. Barua zako ziko chini ya shuka lake, zimeshakuwa laini kama kitambaa. Usinikasirikie sana, nikasirikie kidogo.

Redio Mbao naye kaja jana, tunaingiza vyombo. Anahema, jasho linamtiririka, eti umepiga simu, eti ukuta, eti wavu, eti turudi kilimani, hata yeye mwenyewe hakuweza kuupanga uongo wake ukanyooka. Nikamtolea barua yako. Nikamwambia, "Mwandiko huu unaujua? Ni wa nani?" Akausoma, akakuna kichwa, akasema labda laini ilikuwa mbaya. Nikampa maji akanywa. Ameondoka bado ananung'unika, na nimemwona anakwenda nyumba ya jirani kuwaambia na wao. Wamecheka.

Baba yako ndiye ananisumbua. Tangu yule mtu aondoke anasema, "Juu, juu." Usiku kucha, asubuhi hii pia. Nimemwongezea mto kichwani, nikamwongezea wa pili, bado, "Juu." Kichwa kimeinuka mpaka anakaribia kukaa. Basi nimegeuza kitanda kitazame mlangoni aone maji, labda atachangamka. Anayatazama sana, hapepesi macho.

Mkono wa kushoto leo umefika kwenye mpapai. Mchafu kweli, sitaweza kufua mpaka uchafu uzame, nimepumzika kidogo, ndiyo maana barua ni ndefu. Lakini utafurahi kusikia, wasafiri wako wamefika huku. Vidimbwi vile havikuwahi kuwa na kitu zaidi ya viluwiluwi, na leo samaki wamejaa tele, wakubwa, wanapita mbele ya mlango wetu huku baba yako anawaona. Upande wa kulia hayupo hata mmoja, nimekwenda kuangalia kwa ajili yako. Wote wanapandia kushoto, mwanangu, kama wameitwa.

Shangazi yako, Dobi